Rika, Kumuse na Hati: Kumbukumbu ya Maafa katika Bungoma na Kitale

1. Utangulizi

Mtafiti anayemwuliza mzee wa Kibukusu mjini Kitale juu ya mwaka wa tukio fulani huenda asipewe tarakimu. Huenda akatajiwa rika, kisha jina la mwaka ambamo vijana wa rika hilo waliingia jandoni. Jibu la namna hii limezoeleka kuchukuliwa kuwa ni upungufu unaohitaji kusahihishwa kwa kalenda. Makala haya yanashikilia kinyume chake. Jibu hilo ni tarihi yenye kanuni zake, na asiyezifahamu kanuni hizo atazihakiki vibaya simulizi za maafa yaliyozikumba sehemu za Bungoma na Trans-Nzoia tangu 1895 hadi 2008.

2. Rika kama tarihi

Wabukusu wana marika manane: Kolongolo, Kikwameti, Kananachi, Kinyikeu, Nyange, Maina, Chuma na Sawa. Majina haya huzunguka, na mzunguko mmoja huchukua takriban karne nzima. Tohara hufanywa mwezi wa Agosti katika miaka inayogawika kwa mbili, na kila mwaka wa tohara ndani ya rika hupewa jina la jambo lililotia fora wakati huo. Kwa njia hii njaa, vita na mambo ya kawaida huandikwa katika daftari moja, na daftari lenyewe ni miili ya watu.

Mwanasaikolojia Frederic Bartlett wa Cambridge alieleza mwaka 1932 habari za mchungaji wa Uswazi aliyeweza kutaja rangi na bei za ng'ombe walionunuliwa mwaka mmoja kabla, karibu bila kosa. Bartlett hakuona hapo kipaji cha ajabu. Aliona kwamba kila jamii hukumbuka vyema kile inachokijali. Kwa Wabukusu kinachojaliwa ni nani alitahiriwa pamoja na nani. Tukio hupata mahali pake kwa kuambatana na watu hao.

Jambo lisilotiliwa mkazo wa kutosha ni kwamba majirani zao, Wasabaot wa Mlima Elgon, wana marika ya asili hiyo hiyo, miongoni mwayo Korongoro, Kimnyike, Nyonki, Maina, Chumo na Sowe. Jamii ambazo zilitumbukizwa katika mapigano ya miaka ya 1991 hadi 1993 zinahesabu wakati kwa majina yale yale. Hitilafu zao basi hazihusu sana tukio lilitokea lini. Zinahusu nani alimtendea nani, na ardhi ilikuwa ya nani.

3. Chetambe, Malakisi na utanzu wa kumuse

Mwaka 1895 jeshi la Waingereza lililoongozwa na C. W. Hobley liliivunja ngome ya Chetambe, karibu na Webuye ya leo. Septemba 1947 Elijah Masinde, kiongozi wa Dini ya Msambwa, aliwakusanya maelfu ya wafuasi papo hapo kuwakumbuka waliouawa. Februari 1948 polisi waliwafyatulia risasi wafuasi wa dini hiyo huko Malakisi wakaua watu 11, na Masinde akahamishiwa Lamu. Miaka 53 inayotenganisha matukio hayo mawili hupungua katika kumbukumbu, kwa kuwa mkutano wa 1947 uliyafunga pamoja. Alessandro Portelli alionyesha hali ya namna hiyo katika mji wa Terni, Italia: mfanyakazi aliyeuawa mwaka 1949 alisimuliwa na wenzake kana kwamba alikufa mwaka 1953, wakati wa mgogoro wa kufukuzwa kazi. Kosa la tarehe lilikuwa hukumu juu ya maana ya kifo.

Utanzu unaobeba hukumu za namna hii miongoni mwa Wabukusu ni kumuse, hotuba itolewayo baada ya maziko ya mzee mwanamume wa heshima. Omuswali hutembea mbele ya hadhira iliyokaa kimya, akisimulia chimbuko, uhamaji, vita na marika, kisha akawaonya walio hai. Msiba wa boma moja huingizwa katika historia ya jamii nzima. Hapo ndipo penye nguvu ya utanzu huu, na hapo pia ndipo penye mpaka wake: hudai maziko.

4. Baada ya 2006

Mgogoro wa mradi wa makazi wa Chepyuk, ulioanza mwaka 1971, ulizaa kundi la Sabaot Land Defence Force. Tangu 2006 hadi 2008 watu wapatao 600 waliuawa, wengine walikatwa masikio, na maelfu walikimbilia sehemu za Bungoma na Trans-Nzoia. Machi 2008 serikali ilianzisha Operesheni Okoa Maisha. Wanaume wengi walikamatwa na kupelekwa kambi ya Kapkota, ambako mashirika ya haki za binadamu yaliandika habari za mateso. Baadhi ya waliochukuliwa, na kundi hilo au na wanajeshi, hawajaonekana tena.

Aliyetoweka hana kaburi, na asiye na kaburi hana kumuse. Kilichobaki kwa jamaa zake ni hati. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano, iliyotoa ripoti yake Mei 2013, ilikusanya taarifa zaidi ya 40,000 nchini kote. Hati huuliza tarehe, saa na mpangilio. Lakini kumbukumbu ya kitisho mara nyingi hushika kitu kidogo cha kila siku kwa uwazi mkubwa, kama chungu kilichoachwa mekoni au jembe lililobaki shambani, huku mfuatano wa mambo ukivunjika. Mjane anayesema mumewe alichukuliwa wakati wa palizi huonekana anababaika, ilhali palizi ndiyo tarehe yake.

5. Hitimisho

Haya hayamaanishi kwamba kila simulizi ikubaliwe ilivyo. Uwazi wa picha akilini si ithibati ya ukweli wake, na simulizi huathiriwa na masimulizi ya wengine. Kinachodaiwa ni kwamba ushahidi upimwe kwanza kwa kanuni za tarihi yake, kwa rika, msimu na kazi ya siku ile, kabla ya kupimwa kwa kalenda ya ofisi. Mhakiki wa fasihi simulizi anao ujuzi wa kazi hiyo. Asipoifanya, waliotoweka Mlima Elgon watakosa kaburi, watakosa kumuse, na hata katika hati watabaki kama dosari ya tarehe.