Tarehe na Majina katika Picha za Ufipa

Ufipa ni uwanda wa juu ulioinuka baina ya Ziwa Tanganyika na bonde la Ziwa Rukwa. Mji wake mkubwa ni Sumbawanga, makao ya Mkoa wa Rukwa tangu mkoa huo ulipoundwa mwaka 1974. Nchi hii yasifika katika elimu ya historia kwa ufundi wa kuyeyusha chuma, ambao umeandikwa na kupigwa picha kwa miaka mingi. Picha za kale za namna hii sasa huingizwa katika kompyuta, zikapangwa na kusafishwa kwa programu. Kazi hiyo yaweza kuhifadhi historia, na yaweza kuipotosha.

Wafipa walikuwa na matanuri ya namna mbili. Ilungu lilikuwa tanuri refu la udongo, la kimo cha kama meta 3, lililovuta hewa lenyewe kwa matundu ya chini bila ya mivukuto. Chuma kilichopatikana humo kilisafishwa katika kintengwe, yaani tanuri dogo lililopulizwa kwa mivukuto, kabla ya mhunzi kufua jembe. Ufundi huo ulififia katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, vyuma vya kigeni vilipoenea. R. C. H. Greig aliandika habari zake katika jarida la Tanganyika Notes and Records mwaka 1937, na Robert Wise mwaka 1958. Katika miaka ya baadaye watafiti waliwaomba wazee wenye ujuzi kuirudia kazi hiyo ili ionekane. Kwa hiyo kuna picha za aina mbili: za wahunzi waliotafuta jembe la kulimia, na za wazee waliowaonyesha wageni jinsi jembe lilivyopatikana zamani. Kwa macho tanuri ni lile lile na moshi ni ule ule. Kinachozitenga ni tarehe.

Hapo ndipo kompyuta inapohitaji kuangaliwa. Kanuni ya Exif, iliyotolewa Japani mwaka 1995, huweka tarehe ndani ya faili ya picha yenyewe, na hutenga siku picha ilipopigwa na siku ilipogeuzwa kuwa ya kidijitali. Picha ya karatasi ikipitishwa katika skana, mashine hujua siku ya pili tu. Mpangaji asipoijaza ile ya kwanza kwa mkono wake, picha ya mwaka 1937 huweza kupangwa baada ya picha ya mwaka 1990, na maonyesho yakatangulia kazi yenyewe.

Jambo la pili ni majina. Boma la Wajerumani pale Kasanga, ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, liliitwa Bismarckburg. Atafutaye Kasanga hataiona picha iliyoandikwa jina la Kijerumani peke yake. Yafaa majina yote mawili yaandikwe, na lionyeshwe lipi lilikuwa la asili. Vivyo hivyo neno tanuri, likitumiwa peke yake, huwaunganisha ilungu na kintengwe ambao Wafipa wenyewe waliwatenga. Tena wingi wa ilungu ni malungu. Katika Kiingereza wingi huonekana zaidi mwishoni mwa neno, hata umoja na wingi hukaa jirani katika orodha. Katika lugha za Kibantu badiliko huwa mwanzoni: neno moja huangukia mahali pawili, penye I na penye M, na kompyuta haitambui kuwa ni moja isipofundishwa. Basi kila picha yastahili kupewa umoja na wingi pamoja.

Jambo la tatu ni usafishaji. Tangu Photoshop ilipotolewa mwaka 1990, kufuta mikwaruzo na kukata kingo kumekuwa kazi ya dakika chache. Lakini kwenye kingo ndipo mara nyingi palipoandikwa nambari ya kioo, mahali, au mwaka. Akataye ukingo ili picha ipendeze hukata ushahidi. Programu kama Lightroom, iliyotolewa mwaka 2007, huandika mabadiliko pembeni kama maagizo na kuiacha picha ya asili bila kuguswa. Hata kwa programu nyingine, utaratibu ni ule ule: kwanza picha nzima ihifadhiwe pamoja na kingo na mgongo wake, kisha maandishi yake yanakiliwe, na mwisho nakala ndiyo isafishwe.

Malungu kadha yangali yamesimama katika Wilaya ya Nkasi, nayo yaweza kulinganishwa na picha, ukuta kwa ukuta. Picha yaweza kungoja katika sanduku. Wazee wawezao kutaja jina la mahali, la ukoo na la kila kifaa hawatangoja; kwa hiyo kuwauliza kwatangulia kusafisha.