Mizani Nane: Kufuli la Maneno ya Wazee Wetu



Nakumbuka madrasani kwetu Meru, tukisoma kaswida, ustadhi hakuwa akitueleza maana kwanza. Alianza na mahadhi. Anagonga meza, sisi tunafuata, na mtu akiongeza silabi moja tu, darasa zima linasikia. Nilipofika sekondari nikafundishwa kwamba kile kitu kinaitwa mizani. Kumbe tulikuwa tunakijua zamani!

Historia yake ni ndefu. Mtume wetu (S.A.W.) alimwekea Hassan bin Thabit (R.A.) mimbari msikitini atetee dini kwa mashairi. Kwetu pwani, masharifu na wanazuoni wa Pate na Lamu walishika utenzi, yaani ubeti wa mistari minne mifupi, kila mstari mizani 8. Mwaka 1858, Mwana Kupona, akiwa mgonjwa, alimwachia binti yake wasia kwa utenzi. Alijua wasia wenye mizani hausahauliki upesi.

Mombasa alikuwepo Muyaka bin Haji, aliyefariki 1840. Yeye alipenda shairi, mizani 16 kwa mstari, 8 na 8. Alizungumzia siasa, mapenzi na njaa. Washairi wa zama zake walijibizana: mmoja anatupa neno au fumbo, mwenzake analijibu kwa vina na mizani vile vile. Muyaka hakuchapisha kitabu. Mashairi yake yalikaa vichwani mwa watu hadi Mwalimu Sikujua alipoyakusanya pamoja na mmishonari Taylor, na diwani ikachapishwa 1940, miaka mia moja baada ya kifo chake.

Yalidumu vipi? Mizani ni kufuli. Tuchukue neno "tende", tujaribu ubeti:

Tende moja mkononi,
Adhana iko njiani,
Subira iko moyoni,
Njaa nishaizoea.

Kila mstari ni silabi 8. Sasa imba "Tende moja iko mkononi". Zimekuwa 10, na dufu linachechemea. Kosa limejitangaza lenyewe.

Huku kwetu bara, Uislamu na Kiswahili vilikuja na wafanyabiashara, kisha askari na watumishi wa vituo vya Waingereza, Embu mwaka 1906 na Meru mwaka 1908. Walipojenga misikiti, walikuja na kaswida na dufu pia. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza 1985, Kiswahili kikawa somo la lazima, na mtoto wa Kimeru au Kiembu akahesabu mizani darasani sawa na mtoto wa Mvita. Kwa hiyo asituambie mtu kwamba ushairi ni wa watu wa pwani peke yao.

Lakini iko hasara moja. Marehemu bibi yangu alikuwa na kaswida aliyokuwa akiimba jikoni tukingoja futari. Hakuna aliyeiandika. Leo nimebaki na mahadhi yake na ubeti mmoja na nusu. Mistari miwili ya ubeti wa pili sina. Kwa mizani najua hasa kilichopotea: silabi 16. Maneno yenyewe siyajui, na wa kumuuliza hayupo tena. Kufuli lipo, ufunguo umezikwa.

Vijana wenzangu, mwezi huu baada ya Tarawehe tufanye mambo mawili. Kwanza, mmoja atoe neno, kama maji, daku au mwezi, na kila mtu atunge ubeti wa mizani 8 kwa mahadhi anayoyajua. Pili, na hili ndilo kubwa, nenda kwa babu au bibi na daftari. Mwombe aimbe. Andika, hesabu mizani, na ukikuta mstari umepungua muulize hapo hapo, angali hai.

Allah awarehemu waliotangulia, na atukubalie funga zetu. Amin.

Wabillahi tawfiq.