"Nimeleta": Mrejesho wa Mbunge na Kura Isiyotajwa

Tarehe 15 Julai 2021, Watanzania waliotuma au kutoa fedha kwa simu walikuta makato mapya. Tozo ilianzia shilingi 10 na kufika 10,000 kwa muamala mmoja kulingana na kiasi kilichotumwa, nayo ilikuja juu ya ada ya kawaida ya kampuni ya simu. Wengi waliitambua kwa wakala, ujumbe ulipoingia na salio likaonekana pungufu. Wiki chache tu kabla ya hapo, wawakilishi wao walikuwa Dodoma wakipitisha Sheria ya Fedha ya 2021, ambayo ndani yake kilikuwamo kifungu kilichoongezwa katika Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa ya 2015 na kuizaa tozo hiyo.

Bunge likiahirishwa, wabunge hurudi majimboni kutoa mrejesho. Sura ya mkutano inajulikana: viti vichache vya wageni chini ya mwembe, kipaza sauti, diwani anafungua, mtendaji wa kata anatambulisha, kisha mbunge anaorodhesha. Kituo cha afya, madarasa, kilomita za barabara, transfoma. Neno linalobeba hotuba nzima ni "nimeleta". Katika orodha hiyo sheria hazimo. Kituo kina aliyekileta, lakini tozo inasimuliwa kama mvua ya mawe, jambo lililoshuka lenyewe.

Makala hii inadai kwamba utengano huo kati ya huduma na sheria ni kasoro katika uwakilishi wenyewe, wala hauwezi kuachwa upite kama mtindo tu wa kuhutubia. Serikali ilieleza waziwazi kwamba fedha za tozo zingejenga vituo vya afya na madarasa, na kwa muda watu waliviita hivyo hivyo: vituo vya tozo. Mwaka huohuo lita ya petroli na ya dizeli iliongezewa shilingi 100 kwa ajili ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini. Anayetangaza jengo na asitaje makato ametoa nusu ya habari, na nusu aliyoibakiza ndiyo hasa yenye mkono wake. Kujenga ni kazi ya Serikali na halmashauri. Cha mbunge ni kura.

Katiba ya 1977 haina utata hapa. Ibara ya 63 inalipa Bunge madaraka ya kuisimamia na kuishauri Serikali kwa niaba ya wananchi, na Ibara ya 64 inalikabidhi mamlaka ya kutunga sheria. Kuleta hakumo katika ibara hizo. Ni kweli kwamba mbunge ni mjumbe wa baraza la madiwani, na kwamba sheria ya 2009 iliyounda Mfuko wa Kuchochea Maendeleo ya Jimbo ilimfanya mwenyekiti wa kamati ya mfuko huo. Kwa maoni yangu sheria hiyo ilizidisha tatizo, kwa kuwa ilimpa msimamizi wa Serikali kijifuko cha kutumia, na mwenye kutumia hukosa nguvu ya kumuuliza mtumiaji mwenzake.

Mazoea haya yana historia. Mwaka 1965, katika uchaguzi wa kwanza chini ya chama kimoja, TANU ilisimamisha wagombea wawili katika majimbo mengi, mmoja kwa alama ya jembe na mwingine kwa alama ya nyumba. Walizungushwa pamoja katika mikutano iliyoandaliwa na chama, na sera za chama hazikuwa za kupingwa. Kwa kuwa mambo ya kitaifa yalikuwa yamefungwa, kilichobaki cha kushindania kilikuwa kisima, barabara, shule, na nani anawajali watu wa kwao. Wapiga kura waliitumia nafasi hiyo kwa ukali: Paul Bomani, aliyekuwa Waziri wa Fedha, alianguka Mwanza. Tangu hapo mbunge anajua kwamba anapimwa kwa alichokifanya nyumbani. Mfumo wa vyama vingi ulirudi mwaka 1992, lakini kipimo hicho hakikubadilika.

Utaratibu wa Bunge nao unausaidia ukimya. Bajeti ya Serikali hupigiwa kura kwa kuita majina, kila mbunge akisikika. Miswada mingine, ukiwamo Muswada wa Sheria ya Fedha, kwa kawaida huamuliwa kwa sauti. Spika anawahoji, wanaoafiki wanasema ndiyo, wasioafiki wanasema siyo, naye anatamka kwamba walioafiki wameshinda. Katika Taarifa Rasmi za Bunge inabaki mistari miwili: hoja ilitolewa iamuliwe, hoja iliamuliwa na kuafikiwa. Mtafiti anaweza kusoma kurasa mia tatu za mjadala asijue mbunge fulani alisema nini saa ya uamuzi. Bunge lililotokana na uchaguzi wa 2020 lilikuwa karibu lote la chama kimoja, kwa hiyo hata upande wa pili ambao ungewasimulia wananchi habari hiyo haukuwapo kwa idadi ya maana.

Huduma ya maji inaonyesha gharama ya ukimya huu kuliko hata tozo. Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira, Namba 5 ya 2019, iliunda RUWASA na kuhamisha maji ya vijijini kutoka halmashauri kwenda kwenye wakala ulio chini ya Wizara ya Maji. Usimamizi wa bomba la kijiji ukawekwa mikononi mwa vyombo vya watoa huduma ya maji ngazi ya jamii. Miaka miwili kabla, barabara za vijijini na mijini zilikuwa zimekabidhiwa TARURA. Mabadiliko haya yalihamisha mahali pa kulalamikia. Mwanamke anayeamka saa kumi alfajiri kuwahi foleni ya kisima ana haki ya kujua kwamba diwani wake hana tena fungu la maji, na kwamba pampu ikiharibika anayewajibika ni chombo cha jamii pamoja na meneja wa RUWASA wa wilaya. Akiendelea kumlaumu diwani, hasira yake inakwenda pasipo na fedha wala mamlaka. Na aliyekuwapo sheria hiyo ilipopitishwa, aliyepaswa kurudi na kumweleza, ni mbunge.

Kuna suala la lugha. Kwa miongo mingi mjadala bungeni uliendeshwa kwa Kiswahili huku miswada ikiandikwa kwa Kiingereza, na Kiswahili kikisogezwa nyuma kabisa, kwenye sehemu ya madhumuni na sababu. Mwaka 2021 sheria ilirekebishwa ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama. Hatua hiyo ni kubwa. Hata hivyo kifungu kinachorekebisha kifungu cha sheria nyingine hakisomeki kwa mtu asiye na sheria zote mbili mkononi, hata kikiandikwa kwa Kiswahili fasaha. Bado anahitajika mtu wa kukieleza, na kazi hiyo ina mshahara tayari.

Wabunge hujibu kwamba wananchi hawataki hadithi za vifungu, wanataka maji. Jibu hili lina uzito, lakini Julai 2021 ililipinga. Manung'uniko yalipopanda, Septemba mwaka huohuo tozo ilipunguzwa kwa asilimia 30, mwaka 2022 ikashushwa tena, na mwaka 2023 ile ya kutuma fedha ikafutwa. Watu walikijali kifungu kile. Walikosa tu kuelezwa mapema. Jibu jingine halisemwi hadharani: mbunge anayepoteza uanachama wa chama chake hupoteza pia kiti, kwa mujibu wa Ibara ya 71. Msimamo huwekwa kwenye kikao cha wabunge wa chama, na kusimama mbele ya wapiga kura kueleza kura ambayo hukuichagua ni jambo gumu. Naukubali ugumu huo. Ila mbunge anaweza kusema, bila kumtukana yeyote, kwamba chama kiliamua hivi, mimi nilishauri vile, na makato haya yatawagusa kuanzia tarehe fulani.

Kenya imeonyesha sura nyingine. Tarehe 25 Juni 2024, Muswada wa Fedha ulipitishwa kwa kura 195 dhidi ya 106, na majina ya waliounga mkono yakasambaa simu kwa simu. Siku hiyo watu walipoteza maisha mitaani Nairobi, na kesho yake Rais akatangaza kwamba hatausaini. Kura ilijulikana, lakini mazungumzo ya dhati kati ya mbunge na jimbo lake hayakuwa yametangulia, ingawa Ibara ya 118 ya Katiba ya Kenya inadai ushirikishwaji wa umma. Majina peke yake hayatoshi. Yanapaswa kwenda na maelezo, na maelezo yawahi.

Tanzania haihitaji kubuni jukwaa jipya. Mkutano mkuu wa kijiji hutakiwa kufanyika kila baada ya miezi mitatu, na hapo viongozi husoma mapato na matumizi huku wakiulizwa hadi shilingi ya mwisho ya mchango wa darasa. Mbunge hawezi kufika katika kila kijiji cha jimbo lake, lakini karatasi yake inaweza kufika na kusomwa na mtendaji: miswada iliyopitishwa katika mkutano wa Bunge uliopita, kura yake kwa kila mmoja na sababu, tarehe ya kuanza, na ofisi ya kuendea. Sambamba na hilo, Kanuni za Kudumu za Bunge zirekebishwe ili muswada wowote unaoanzisha au kuongeza tozo uamuliwe kwa kuita majina, kama bajeti inavyoamuliwa, na mwanakijiji mwenye shaka aweze kuilinganisha karatasi ile na Taarifa Rasmi.