Jiliwa na Kovu la Babu

Babu yangu alikuwa seremala hapa Gisenyi, na ubao aliubana kwa unyayo. Siku moja patasi iliteleza ikamkata kidole gumba cha mguu. Kovu lile ndilo lililonifanya nijiulize: jiliwa lilitoka wapi, na kwa nini babu hakuwa nalo?

Warumi waliijua hesi, wakaitumia kukamulia zeituni na zabibu, lakini kwenye meza zao maseremala walizuia ubao kwa vigingi. Mwaka 1505 Martin Löffelholz wa Nuremberg, Ujerumani, alichora meza ya seremala yenye majiliwa. Kati ya 1769 na 1775, Mfaransa André-Jacob Roubo alichapisha kitabu kikubwa cha useremala chenye mchoro wa jiliwa la mguu. Karne ya 19 viwanda vikaleta majiliwa ya chuma.

Je, wazee wetu walikosa akili? Sidhani. Umuvure, hori la kutengenezea pombe ya ndizi, huchongwa kwenye gogo moja. Gogo ni zito, linajishikilia lenyewe. Mlango ni kitu kingine: ni mbao nyembamba zinazounganishwa, na ubao ukitikisika kidogo tu, kiungo hakikai sawa. Mapadri Weupe walifungua misheni ya Nyundo mwaka 1901, na mwaka 1952 shule ya sanaa ikaanzishwa hapo hapo. Majengo ya namna hiyo yalitaka milango, madirisha na madawati. Kwa maoni yangu, kazi ilipobadilika ndipo jiliwa lilipohitajika.

Babu alifanya kazi mpya kwa mbinu ya zamani, akalipa kwa damu.

Mimi ninayejifunza kazi hiyo nimechagua jiliwa la chuma lenye taya pana. Nimelifunga ili taya la ndani liwe sawa na ukingo wa meza, ubao mrefu uegemee pote. Mataya nimeyavika mbao laini yasiache alama. Nikibana kitu upande mmoja, upande wa pili naweka kipande cha unene uleule, la sivyo taya hupinda. Hesi naipaka mafuta, wala sikazi kwa hasira.

Babu alipoliona alizungusha mpini mara mbili, akautazama mguu wake, akacheka. Kisha akaniomba randa.