Shughuli na uachaji wa ulevi (Ufipa)

Shughuli yenye maana ni kazi, ufundi au ibada aishikayo mraibu ili saa zilizokuwa za kileo zipate mwenyewe mwingine. Katika uwanda wa juu wa Ufipa, kuuzunguka mji wa Sumbawanga, jambo hili lina uzito wake, kwa kuwa pombe ya ulezi tangu zamani ndiyo iliyokuwa ujira wa majirani walioalikwa kulima ntumba, yaani matuta ambamo nyasi hufukiwa chini ya udongo uliopinduliwa, zikaoza, hata msimu ufuatao yakasambazwa na kupandwa nafaka. Basi kumwamuru mlevi ashike jembe, bila kuuliza jioni atalipwa nini, ni nasaha nusu. Aghalabu hufaa zaidi kazi yenye saa maalumu na mtu angojaye: kukamua ng'ombe alfajiri, au mazoezi ya kwaya parokiani. Hata penye dawa, shughuli bado yahitajika: kwa waraibu wa heroini, Hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, ilianza kutoa methadoni mwaka 2011; dawa hiyo hutuliza arosto, yaani mateso ya kukosa kilevi, ilhali haimpi mtu la kufanya kutwa. Mnywaji wa miaka mingi, hata hivyo, haachi ghafula pasipo tabibu, maana kifafa cha kukosa kileo huweza kuua kabla shughuli yoyote haijaanza.