Kamba Iliyodhaniwa Nyoka

Wahenga walisema aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Shankara, mwanafalsafa wa Kihindu anayekisiwa kuishi karne ya 8, naye alipenda mfano wa namna hiyo: mtu huiona kamba gizani, akadhani ni nyoka, akatetemeka. Ila mithali yetu inalaumu jeraha la jana. Shankara alilaumu giza lililopo sasa. Katika fundisho lake la Advaita, yaani "pasipo uwili", dhiki ya moyo hutokana na mtu kujidhania kuwa mwili na mawazo yake tu, ilhali nafsi yake, Atman, ni kitu kimoja na Brahman, asili ya vyote. Hakuna nyoka wa kuuawa, inatakiwa taa.

Fundisho hili lingebaki vitabuni kama lisingepata watu wa kuliishi. Mwaka 1896, mjini Madurai, kusini mwa India, kijana wa miaka 16 aitwaye Venkataraman alishikwa ghafla na hofu ya kufa. Badala ya kupiga kelele alijilaza kama maiti, akachunguza ni nani hasa anayekufa. Hofu ikamtoka. Majuma machache baadaye alihamia Tiruvannamalai, chini ya mlima Arunachala, akaishi huko hadi alipofariki mwaka 1950, akijulikana kama Ramana Maharshi. Waliomletea huzuni zao aliwarudishia swali: anayehuzunika ni nani?

Wapinzani husema huko ni kuyakimbia maumivu. Lakini mwaka 1949 Ramana alipasuliwa mara 4 kwa uvimbe wa saratani mkononi. Hakukataa madaktari, alichokataa ni kujihesabu kuwa ndiye mwili ule unaouma. Kwa hiyo uhuru unaofundishwa hapa hauondoi maumivu, unamwondoa anayejidai kuwa mwenyewe wa maumivu, wala haushindani na hospitali. Shankara mwenyewe alitaka mwanafunzi awe ametuliza akili kwanza, jambo ambalo aliyezidiwa na maradhi ya akili huenda asiliweze bila tiba. Pingamizi zito zaidi ni la haki: umoja huu ulihubiriwa karne nyingi katika jamii iliyowagawa watu kwa matabaka ya kuzaliwa. Vivekananda, mtawa wa Kihindu aliyelihubiri fundisho hilo la Advaita, aliliona hilo, na mwaka 1897 akaanzisha Ramakrishna Mission kuhudumia maskini, kwani kama nafsi ni moja, njaa ya jirani haiwezi kuwa yake peke yake. Aliyewashiwa taa akaiona kamba, hana udhuru wa kuwaacha wenzake gizani.