Thumuni ya Jaani: Kisa cha Unguja Katika Nyumba ya Ladywood

Nyumbani kwetu Ladywood, mjini Birmingham, watoto hupata visa kwa njia mbili. Vingine huvitazama kama katuni. Vingine husimuliwa na bibi yao aliye Maskati, kwa sauti ya simu. Tukiwauliza siku za baadaye, katuni hutueleza nani alikimbia na nani alianguka. Kisa cha bibi hukirudisha na maneno yake: jaa, paa, thumuni.

Neno thumuni peke yake ni historia. Asili yake ni Kiarabu, sehemu ya nane, na kwa wazee wa Unguja ilikuwa thumuni ya riale. Katika kisa cha Sultani Darai, maskini anaokota thumuni jaani, ananunua paa, na paa yule anamtajirisha hata akaoa binti wa sultani. Paa anapougua, bwana wake anamdharau. Paa anakufa, na bwana anajikuta jaani kama mwanzo.

Wasimulizi wa Unguja walimpa kisa hiki Edward Steere, aliyekichapisha London mwaka 1870 katika Swahili Tales. Kitabu kilihifadhi maneno, lakini hakikuweza kubeba sauti, wala watoto wanaoitikia "Pakawa!" wakisikia "Paukwa!" Baadaye redio ilirudisha sauti bila kusubiri jibu. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, jamaa walipotawanyika Oman, Ghuba na Uingereza, kisa kilibaki kwa yule aliyekumbuka.

Je, chombo hubadili kinachokumbukwa? Mwaka 1980 mtafiti wa Marekani, Laurene Meringoff, alichapisha jaribio lake: watoto wengine walisomewa hadithi ya Kiafrika kutoka kitabu cha picha, wengine wakaiona kwenye filamu. Wa filamu walikumbuka zaidi matendo, wakategemea walichokiona. Wa kitabu walikumbuka zaidi maneno, na walijaza hadithi kwa mambo waliyoyajua wenyewe.

Basi katuni si adui, hutunza matendo. Lakini familia ya ugenini haipotezi matendo kwanza, hupoteza maneno. Mwanahistoria anayekusanya kumbukumbu za waliokulia nje na aulize pia: ulisikia, ulisoma au ulitazama? Nasi wazazi tuwarekodi wazee wakiwa na wajukuu mbele yao, pamoja na maswali yanayowakatiza: "Bibi, thumuni ni nini?" Jibu la swali hilo halimo katika katuni.